Betri ya Baipola Mbele ya Mkaguzi wa Hataza: Lini Ubunifu Huhesabiwa Kuwa Uvumbuzi?

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wabunifu, mafundi, wanafunzi wa uhandisi na wajasiriamali

Betri ya kawaida ya gari, ile ya volti 12, imegawanyika ndani katika vyumba sita. Kila chumba ni seli yenye mabamba ya risasi na asidi, na kila seli hutoa takriban volti mbili. Ili nguvu ya seli zote sita ikusanyike, umeme hulazimika kupanda kwenye kiungo cha risasi, kuvuka hadi seli ya jirani, kushuka, kisha kupanda tena. Risasi nyingi ndani ya betri hiyo haizalishi umeme. Kazi yake ni kuubeba tu. Uzito huongezeka, na sehemu ya nguvu hupotea njiani ikiwa joto.

Betri ya baipola hufupisha safari hiyo. Bamba moja hubeba upande chanya kwenye uso mmoja na upande hasi kwenye uso wa pili, kama ukuta mmoja unaotumiwa na vyumba viwili vya kupanga. Mabamba hupangwa moja juu ya jingine, elektroliti (kimiminika kinachopitisha chaji) ikiwa katikati, na umeme hupenya moja kwa moja kutoka uso hadi uso. Mnamo Julai 2021, Toyota ilizindua gari jipya la Aqua nchini Japani likiwa na betri ya nikeli ya muundo huo, na kueleza kuwa ina nguvu karibu maradufu ya betri ya Aqua iliyotangulia.

Muundo wenye faida kubwa kiasi hicho huvutia maombi mengi ya hataza. Hapo ndipo mkaguzi anapokutana na swali gumu kuliko yote: je, alichofanya mwombaji ni uvumbuzi, au ni hatua ambayo mtaalamu yeyote wa betri angeichukua bila taabu?

Sharti la hatua ya uvumbuzi

Hataza ni haki ya kipekee anayopewa mvumbuzi, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha maombi, naye huilipia kwa kueleza uvumbuzi wake hadharani ili wengine wajifunze. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani umeweka masharti matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 inafuata masharti hayo, na Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987 nayo inadai hatua ya uvumbuzi.

Upya na hatua ya uvumbuzi ni mambo mawili tofauti, na wabunifu wengi huyachanganya. Kitu ni kipya ikiwa hakuna andiko wala kifaa kimoja kilichotangulia chenye sifa zake zote. Lakini kitu kipya kinaweza kukataliwa bado, ikiwa mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo, akiwa na maarifa yote yaliyokuwepo siku ya maombi, angekifikia kwa kufuata mantiki ya kazi yake ya kila siku.

Mtaalamu huyo ni mtu wa kufikirika. Anachukuliwa kuwa amesoma maandiko yote ya fani yake duniani, lakini hana kipaji cha pekee. Katika suala la betri za baipola, angekuwa mhandisi anayejua kemia ya seli, mabamba, plastiki za makasha na namna ya kuziba viungo.

Wazo lenye umri wa zaidi ya miaka 200

Tarehe 20 Machi 1800, mwanasayansi wa Italia Alessandro Volta aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London barua iliyoeleza mnara wake wa vipande vya fedha na zinki, vikitenganishwa na vitambaa au karatasi ngumu zilizoloweshwa maji ya chumvi. Katika mnara ule, kipande cha zinki na cha fedha vilivyogusana vilifanya kazi ya bamba moja: uso mmoja ulihudumia seli ya juu, uso mwingine seli ya chini. Betri ya kwanza duniani ilikuwa ya baipola.

Kwa hiyo, mwombaji anayefika leo akidai haki juu ya “betri yenye mabamba ya nyuso mbili yaliyopangwa kwa mnara” hana anachodai. Volta alikwisha kukichapisha.

Uvumbuzi wa kweli katika eneo hili hukaa kwenye matatizo ambayo mnara wa Volta haukuyatatua. Tatizo la kwanza ni uvujaji. Elektroliti ikipenya ukingoni na kuunganisha seli mbili jirani, umeme hupata njia ya mkato na betri hujimaliza yenyewe. Tatizo la pili ni bamba lenyewe. Katika betri ya risasi na asidi, uso chanya ni mahali pakali mno. Metali nyingi huliwa hapo, na hata karatasi ya risasi huliwa polepole hadi ikatoboka. Tundu dogo tu hutosha kuunganisha seli mbili na kuharibu kazi yote. Bamba hilo linatakiwa lipitishe umeme vizuri, lisipitishe maji hata tone, listahimili asidi kwa miaka, na liwe jepesi na la bei nafuu. Kuna watafiti waliojaribu seramiki za oksidi ya titani. Kampuni ya Gridtential ya California ilichukua vipande vya silikoni vya aina inayotumika katika paneli za sola na kuvifanya mabamba ya betri ya risasi.

Ndiyo maana mkaguzi makini haulizi kama betri ya baipola kwa jumla ni jambo lililo wazi kwa mtaalamu yule. Huuliza kama ufumbuzi huu mahususi, ulioandikwa katika madai, yaani sehemu ya maombi inayotaja hasa kile mwombaji anachotaka kilindwe, ulikuwa wazi.

Maswali ya Mahakama Kuu ya Marekani

Mfano wa namna ya kulijibu swali hilo unatoka Marekani. Tarehe 21 Februari 1966, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Graham dhidi ya John Deere, lililohusu jembe la trekta. Hukumu hiyo ilipanga uchunguzi kwa utaratibu ambao unafuatwa hadi leo. Kwanza, ni maarifa gani yalikuwepo? Pili, uvumbuzi unaodaiwa unatofautianaje nayo? Tatu, mtaalamu wa kawaida wa fani ana ujuzi wa kiwango gani? Baada ya hapo hutazamwa ushahidi wa mazingira: je, kulikuwa na hitaji la muda mrefu, wengine walijaribu wakashindwa, na bidhaa ilipotoka ilipokelewa vipi sokoni?

Siku hiyohiyo mahakama iliamua shauri jingine, na hilo lilihusu betri.

Mvumbuzi wa betri hiyo, Bert Adams, aliwasilisha maombi yake ya hataza Desemba 1941. Betri yake ilikuwa na elektrodi ya magnesi na nyingine ya kloridi ya kikaprasi, yaani kloridi ya shaba. Ilihifadhiwa kavu, na ilipomwagiwa maji ya kawaida, au hata ya chumvi, ilianza kutoa umeme wa volti thabiti, nayo ilifanya kazi hata kwenye baridi kali. Wanasayansi wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani waliitazama ikifanya kazi, wakaipima, lakini hawakuamini kuwa itafaa. Adams alipata hataza mwaka 1943. Mwishoni mwa mwaka huo jeshi lilibadili msimamo na kuanza kuagiza betri hizo kwa kampuni mbalimbali, bila kumjulisha. Hakujua hadi mwaka 1955, alipoichunguza betri moja iliyotengenezwa kwa ajili ya serikali. Ombi lake la fidia lilikataliwa mwaka 1960, naye akaenda mahakamani.

Serikali ilijitetea kwa hoja iliyoonekana nzito. Betri za zinki na kloridi ya fedha zilijulikana tangu karne ya 19. Vitabu vilikwisha kutaja kuwa magnesi inaweza kushika nafasi ya zinki, na kwamba kloridi ya kikaprasi inaweza kushika nafasi ya kloridi ya fedha. Adams, walisema, alibadilisha tu vipuri viwili vinavyojulikana.

Mahakama ilikataa hoja hiyo. Ni kweli kila kipande kilijulikana, lakini vilipokutana vilizaa matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Zaidi ya hapo, maarifa ya wakati ule yalimkatisha tamaa mtaalamu asiende njia hiyo. Yalisema kwamba betri inayoendelea kujitumia hata isipounganishwa, na inayopata joto ikifanya kazi, haina manufaa. Na kwamba betri za kuamshwa kwa maji zilifaulu tu kwa elektroliti zinazoidhuru magnesi. Ili afike alipofika, Adams alilazimika kupuuza maonyo hayo yote. Na wataalamu walewale wa serikali waliotangaza kuwa haitafaa walikuwa wenyewe wametoa ushahidi kwamba jambo hilo halikuwa wazi kwao.

Mahakama ilipokaza masharti

Mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex lililohusu kanyagio la gari lenye kihisio cha kielektroniki, mahakama hiyohiyo ilionya kwamba mtaalamu wa kawaida si mashine isiyofikiri. Ana ubunifu wa kiasi. Anaweza kuunganisha maarifa kutoka maandiko mawili hata kama hakuna andiko linalomwambia waziwazi ayaunganishe. Ikiwa kuna njia chache zinazojulikana za kutatua tatizo, na matokeo ya kila moja yanatabirika, kujaribu moja na kufaulu hakutoshi kupata hataza.

Ofisi ya Hataza ya Ulaya huufikia uamuzi kwa njia yake. Mkaguzi huchagua andiko lililo karibu zaidi na uvumbuzi, huonesha tofauti, hutamka tatizo la kiufundi ambalo tofauti hiyo inalitatua, kisha huuliza kama mtaalamu angefanya hivyo. Si kama angeweza. Bali kama kweli angefanya, kwa kutarajia kufaulu. Pengo kati ya “angeweza” na “angefanya” ndilo linaloamua maombi mengi.

Mfano wa kubuni: kuziba ukingo

Chukua mfano wa mhandisi wa kufikirika anayedai betri ya risasi ya baipola ambayo fremu zake za plastiki zimeyeyushwa pamoja kwa mtetemo, zikaziba ukingo wote. Mkaguzi anapata maandiko mawili. La kwanza linaeleza betri ya baipola iliyozibwa kwa gundi, na linakiri kuwa gundi huachia baada ya muda. La pili linaeleza namna ya kuunganisha plastiki ileile kwa mtetemo katika makasha ya betri za kawaida, na kusema kiungo hicho hudumu kwenye asidi.

Hapa maombi yana hali ngumu. Tatizo lilijulikana, dawa ilijulikana, fani ni moja, na matokeo ni yaleyale yaliyotarajiwa.

Badilisha jambo moja. Andiko la pili sasa linaonya kuwa mtetemo hupasua tabaka jembamba la bamba, hivyo usitumike penye mabamba ya aina hiyo. Mhandisi amegundua umbo la fremu linaloliondolea bamba mtetemo wakati ukingo unayeyuka, na ameonesha kwa vipimo kuwa mabamba hayapasuki. Sasa kuna maonyo aliyoyashinda na matokeo yasiyotarajiwa. Maombi yana nguvu, mradi umbo hilo la fremu liandikwe ndani ya madai yenyewe. Sifa iliyoachwa nje ya madai humsaidia mwombaji kidogo sana.

Katika hali zote mbili mkaguzi hujilinda dhidi ya kosa moja: kuangalia nyuma. Mtu akishaonyeshwa jibu, swali huonekana rahisi. Betri ikishafunguliwa mezani, kila kipande kinaonekana kipo mahali pake pa asili. Ndiyo maana sheria hurudisha uchunguzi kwenye tarehe ya maombi, na humtaka mkaguzi ataje sababu iliyokuwepo wakati huo, kwa ushahidi, badala ya kutegemea hisia zake.

Mambo ya kufanya kabla ya kuomba

Tafuta kwanza. Hazina za Espacenet na Patentscope zina mamilioni ya nyaraka za hataza, na kuzisoma ni bure. Tafuta kwa tatizo unalolitatua, si kwa jina la kifaa chako pekee.

Weka kumbukumbu za majaribio, pamoja na yaliyoshindikana. Majaribio ya njia za kawaida yaliyogonga mwamba yanaweza kuonesha kwamba njia yako haikuwa wazi. Hifadhi pia vipimo vinavyolinganisha betri yako na ile iliyo karibu nayo zaidi.

Usitangaze kabla ya kuwasilisha maombi. Kuonesha kifaa kwenye maonesho, mtandaoni au gazetini kunaweza kugeuka kuwa maarifa yaliyotangulia dhidi yako mwenyewe. Baadhi ya nchi hutoa muda wa msamaha, lakini nyingine hazitoi.

Pima pia njia nyingine. Nchini Kenya, cheti cha modeli ya matumizi hudumu miaka 10 na kinahitaji upya na kutumika viwandani, bila sharti la hatua ya uvumbuzi. Maboresho madogo lakini yenye faida hupata ulinzi hapo.

Maombi hupokelewa na ofisi za usajili: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya na URSB kwa Uganda. Anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja anaweza kupitia shirika la kikanda la mali miliki, ARIPO, lenye makao yake Harare. Nenda katika ofisi iliyo karibu nawe ukiwa na maelezo ya tatizo, matokeo ya majaribio na nyaraka ulizozipata katika utafutaji wako, na umwombe mtaalamu wa hataza ayapitie madai yako kabla hujayawasilisha.