SOMO LA 9: FUTUHI YA NYIMBO – FAMILIA NA KUKUBALIWA KATIKA "ANNIE"

Mwanafunzi mpendwa, katika masomo yaliyopita tumeona tanzia na ramsa. Sasa tunaingia kwenye futuhi ya nyimbo, yaani tamthilia ya kuchekesha ambayo wahusika wake huzungumza, huimba na kucheza. Mfano wetu ni "Annie" kutoka Marekani. Usiogope kwamba ni kazi ya kigeni. Mtahini anaweza kukupa swali la jumla kuhusu dhamira ya familia, na mbinu utakazojifunza hapa utazitumia kuhakiki tamthilia yoyote.

1. Usuli

Chanzo cha "Annie" ni katuni ya gazetini iliyoanzishwa na Harold Gray mwaka 1924. Thomas Meehan aliandika mazungumzo, Charles Strouse alitunga muziki, na Martin Charnin aliandika maneno ya nyimbo.

Zingatia mahali ilipoanzia. Haikuanzia kwenye kumbi kubwa za Broadway jijini New York, bali mwaka 1976 katika Goodspeed Opera House, ukumbi mdogo ulio kando ya mto katika mji wa East Haddam, jimbo la Connecticut. Kumbi za namna hii, zilizo nje ya New York, huwapa wasanii nafasi ya kujaribu kazi mpya mbele ya watazamaji na kurekebisha kasoro. Marekebisho hayo yalifika hadi kwa mhusika mkuu: Andrea McArdle, aliyekuwa akiigiza yatima mwingine, alipewa nafasi ya Annie baada ya maonyesho kuanza. Tarehe 21 Aprili 1977 tamthilia ilifunguliwa Broadway, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya nyimbo.

2. Muhtasari

Ni Desemba 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Annie, msichana wa miaka 11, anaishi katika kituo cha yatima kinachosimamiwa na Bi. Hannigan, mlevi asiyependa watoto. Wazazi wake walimwacha mlangoni akiwa mchanga, pamoja na barua na nusu ya kidani, wakiahidi kurudi. Annie anatoroka kwenda kuwatafuta, anakutana na mbwa anayemwita Sandy, kisha anakamatwa na kurudishwa.

Grace, katibu wa tajiri Oliver Warbucks, anafika kuchagua yatima wa kukaa nao wakati wa Krismasi. Anamchukua Annie. Warbucks anashangaa, kwani alitarajia mvulana. Siku chache baadaye amempenda mtoto huyu kiasi cha kutaka kumfanya wake. Anamnunulia kidani kipya, lakini Annie anaangua kilio: hakitaki, anawataka wazazi wake. Warbucks anameza maumivu yake na kutangaza redioni zawadi ya dola 50,000 kwa wazazi halisi watakaojitokeza.

Rooster, kaka yake Bi. Hannigan, na mpenzi wake Lily wanajifanya wazazi hao. Njama inafichuliwa, nao wanakamatwa pamoja na Bi. Hannigan. Inajulikana pia kwamba wazazi wa kweli walikwisha kufariki zamani. Warbucks anamchukua Annie kuwa mwanawe.

3. Dhamira: nani ni familia?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Nikisahihisha, hukutana tena na tena na sentensi hii: "Dhamira ni upendo kwa yatima." Si kosa, lakini haijaeleza kitu. Jiulize: tamthilia inasema nini *kuhusu* upendo huo? Tazama hoja tatu zifuatazo.

(a) *Kukubaliwa hakuanzi na kustahili.* Warbucks alitaka mvulana, akaletewa msichana. Hakumpenda kwa kuwa alitimiza matarajio yake. Alimpenda baada ya kukaa naye.

(b) *Kukubali ni kwa pande mbili.* Tukio la kidani kipya ndilo kiini cha tamthilia. Kwa mtazamaji asiye makini, Annie ni mtoto asiye na shukrani, kwa sababu anakataa zawadi ya tajiri. Lakini nusu ya kidani cha zamani ndiyo ushahidi pekee kwamba kuna watu waliomtaka. Akikivua, anakiri kwamba hawarudi. Warbucks analielewa hilo, hakasiriki, wala hamlazimishi. Anawatafuta wazazi ambao wakipatikana watamchukua mtoto anayempenda. Mtu anayekukubali hukukubali pamoja na huzuni yako.

(c) *Kuzaa si kazi, kazi kulea mwana.* Rooster na Lily wanadai damu, lakini wanachotaka ni fedha. Warbucks hana damu, lakini ana malezi. Huenda wewe unayesoma hapa unalelewa na bibi, shangazi au mjomba. Basi unaijua hoja hii kuliko kitabu chochote. Itumie kuelewa, ila katika mtihani toa ushahidi kutoka kwenye tamthilia, si kutoka nyumbani.

4. Fani: kicheko na wimbo vina kazi gani?

*Kinaya.* Watazamaji wanaijua njama ya Rooster na Lily kabla Annie hajaijua. Tunacheka wanavyojifanya wazazi wenye uchungu, huku tukimhofia mtoto. Kicheko na hofu vinakwenda pamoja, na hapo ndipo taharuki inapozaliwa.

*Kejeli.* Maskini waliopoteza makazi wanaimba wimbo wa "kumshukuru" Rais wa zamani Herbert Hoover kwa hali yao. Maneno ni ya shukrani, maana ni ya lawama.

*Takriri ya wimbo.* Annie anaimba "Tomorrow" akiwa barabarani na mbwa wake, hana mtu. Baadaye wimbo huohuo unasikika mbele ya Rais Roosevelt na mawaziri wake. Mara ya kwanza unamfariji mtoto mmoja, mara ya pili unawapa viongozi moyo wa kuwasaidia wananchi. Matumaini ya nyumbani yamekuwa matumaini ya taifa.

*Wahusika.* Annie si malaika. Anatoroka, anadanganya askari kwamba mbwa ni wake, na hakubali kuonewa. Kwa sababu hiyo hatumwonei huruma tu, bali tunamheshimu.

5. Swali la mfano

*"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Jadili methali hii kwa kurejelea tamthilia uliyosoma.*

Jibu dhaifu: Annie alikwenda kwa Warbucks na Warbucks akafurahi sana. Kwa hiyo methali ni kweli.

Jibu zuri: Annie anaingia kwa Warbucks kama mgeni wa Krismasi, na kwa juujuu yeye ndiye anayesaidiwa. Hata hivyo, mwenyeji ndiye anayebadilika zaidi. Tajiri aliyeishi kwa ajili ya biashara anajifunza kutanguliza furaha ya mwingine, jambo linaloonekana pale anapotafuta wazazi wa Annie ingawa kuwapata kungemfanya ampoteze. Hivyo mgeni amemponya mwenyeji upweke ambao fedha hazikuuponya.

Umeona tofauti? Jibu la pili lina hoja, tukio mahususi na maelezo ya kuunganisha viwili hivyo. Kumbuka: hoja, ushahidi, maelezo. Kimoja kikikosekana, alama inapungua.

6. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya futuhi na tanzia, kisha onesha ni tukio gani katika "Annie" lingeweza kuigeuza kuwa tanzia.
2. "Annie hana shukrani." Pinga au unga mkono kwa hoja tatu.
3. Linganisha Bi. Hannigan na Warbucks kama walezi. Je, umaskini unatosha kueleza tabia ya Bi. Hannigan?
4. Chagua tamthilia ya Kiswahili uliyosoma. Ni mhusika gani anatafuta kukubaliwa na familia au jamii yake, na analipa gharama gani?

*Dokezo la swali la 2:* kabla ya kuandika, rudi kwenye kidani. Ukishaelewa kwa nini Annie alilia, hoja zako tatu hazitakuwa mbali.