TUANDIKE NCHI YETU KWA MASIKIO



Wengi wetu tukiombwa tueleze kijiji chetu, tunaandika hivi: "Kijiji chetu ni kizuri. Kuna ziwa, kuna vilima vya mawe, kuna mashamba." Maneno hayo ni ya kweli. Lakini hata mtu wa Tabora aliye karibu na bwawa anaweza kuandika vivyo hivyo! Msomaji hajui bado kwamba tuko Magu. Tumetumia macho tu, masikio tumeyasahau.

Sasa soma barua hii ya mzazi kwa mwanawe:

"Mwanangu, ukishuka basi kwenye barabara ya Musoma, malori yaache yanguruma mgongoni kwako. Tembea mpaka usikie mashine ya kusaga: tuku, tuku, tuku. Ipite. Mbele utasikia vyura. Hapo ni majaruba ya mpunga, angalia miguu. Ukisikia mawimbi yanapiga mawe, chwaa, chwaa, na furukombe analia juu ya mti, basi umefika kwetu."

Mtoto huyu hapotei, hata akifika usiku.

Maneno kama tuku tuku na chwaa huitwa tanakali za sauti. Ni maneno yanayoiga mlio wa kitu. Usiyaone ya kitoto. Wazee walisema: "Chururu si ndo ndo ndo." Ndo ndo ndo ni maji yanayodondoka tone moja moja. Chururu ni maji yanayotiririka. Kwa sauti mbili tu umejua maji ni mengi au machache. Hata pikipiki ilipewa jina kwa mlio wake.

Mahali pia hupewa majina kwa sauti. Wengi husimulia kwamba jina la Ngorongoro linatokana na mlio wa kengele za ng'ombe wa Wamasai: ngoro, ngoro. Na kule Zambia na Zimbabwe, Mto Zambezi unapoporomoka kwenye maporomoko ya Victoria, wenyeji walipaita Mosi-oa-Tunya. Maana yake ni moshi unaonguruma. Jina hilo peke yake ni somo zima la jiografia: kuna mvuke, kuna kishindo, kuna maji mengi.

Hebu tuje kwetu. Mto Simiyu unatoka mashariki, upande wa Serengeti, na kumwaga maji katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Kwa hiyo mvua inaweza kunyesha huko juu na huku kwetu jua linawaka. Ukifika kivukoni ukasikia mto unanguruma kuliko jana, usiseme "mbona hakuna mvua?" Simama. Usivushe watoto wala ng'ombe.

Radi nayo tuisikilize vizuri. Umeme tunauona papo hapo, lakini ngurumo inakuja nyuma. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde moja. Kwa hiyo kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Ukiona umeme, angalia saa au hesabu polepole mpaka ngurumo isikike. Ukipata 9, gawa kwa 3: radi iko kilomita 3 tu! Ikiwa ni chini ya 30, ingia ndani ya nyumba imara, usijifiche chini ya mti. Na mvuvi je? Akisikia ngurumo asingoje kuhesabu. Arudi pwani, maana juu ya maji yeye ndiye mrefu kuliko vyote.

Basi, kwa nini tuyaandike haya? Jirani yetu wa Ukerewe, marehemu Aniceti Kitereza, alimaliza mwaka 1945 kitabu kikubwa kwa Kikerewe kuhusu maisha ya wazee wake. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980. Alingoja miaka 35! Lakini leo mambo ya wazee wale yanasomeka. Sauti hazikai kama mawe. Ngoma za bugobogobo zilizowaongoza walimaji shambani, vijana wengi leo huzisikia kwenye sherehe, au pale makumbusho ya Bujora, Kisesa. Mzee akifa bila kuandikiwa, anakwenda na sauti alizozijua.

Kalamu tunayo sasa. Tuitumie.

MASWALI
1. Chururu na ndo ndo ndo zina tofauti gani?
2. Umeona umeme, ukahesabu sekunde 12. Radi iko umbali gani?
3. Kwa nini mto unaweza kujaa wakati kwetu hakuna mvua?

ZOEZI
Kaa nje ya nyumba yako jioni. Andika sauti tano unazosikia, na kila moja inatoka upande gani. Kisha muulize mzee mmoja: ni sauti gani aliisikia hapo zamani, na leo haipo?

(Jibu la swali la 2: kilomita 4.)