Dondoo muhimu: Uhandisi wa ujenzi Johannesburg
Kabla ya kulipa ada katika chuo kidogo, hakikisha shahada yenyewe imeidhinishwa na ECSA, baraza la wahandisi la Afrika Kusini. Usajili wa chuo pekee hautoshi. BEng ya miaka 4 ndiyo njia ya uhandisi kamili. BEngTech ya miaka 3 hukuingiza ngazi ya wanateknolojia.

Omba kuingia maabara. Je, kila mwanafunzi hushika mwenyewe koni ya milimita 300 ya kupimia zege mbichi, na huponda michemraba ya zege ya siku 28? Hapo ndipo darasa dogo linapokufaa.

Udongo usome kwa bidii: chini ya jiji kuna mahandaki ya dhahabu iliyoanza kuchimbwa 1886, na upande wa kusini, penye mwamba wa dolomaiti, ardhi huweza kutitia ghafla.