Namna ya Kutafiti Sheria ya Wakimbizi na Hifadhi: Somo kwa Watoa Huduma na Wagonjwa wa Mpakani Tunduma

Utangulizi

Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, umepakana na Nakonde nchini Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupita hapo kuelekea kusini mwa Afrika. Pamoja na mizigo hupita watu, na baadhi yao hupita wamefichwa. Juni 2012 miili zaidi ya 40 ya raia wa Ethiopia ilikutwa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020 watu 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena katika jimbo la Tete, Msumbiji. Anayenusurika katika safari kama hizo mara nyingi humwona muuguzi au tabibu kabla ya kumwona mwanasheria.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana ameteremshwa kwenye lori akiwa amekaukiwa maji na figo zimeanza kushindwa kazi. Kwa Kiswahili cha Kongo anasema amekimbia vita na hawezi kurudi kwao. Atalazwa siku tisa. Je, sheria inasemaje juu yake? Mtoa huduma atalijuaje jibu pasipo kukisia?

Hatua ya kwanza: kuuliza swali sahihi

Utafiti wa sheria huanza kama uchunguzi wa ugonjwa, yaani kwa historia iliyochukuliwa vizuri. Mtu huyu ametoka wapi, lini, na anaogopa nini? Ameingia nchini siku gani? Je, alidanganywa, akauzwa au akatumikishwa njiani? Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha sheria ya kufunguliwa. Mwombaji hifadhi hutazamwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, Sura ya 37. Mgeni asiyeomba hifadhi hutazamwa na Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Aliyeuzwa au kutumikishwa hulindwa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Mtu mmoja aweza kuguswa na sheria zaidi ya moja, kama vile mgonjwa mmoja aweza kuwa na malaria na upungufu wa damu kwa wakati mmoja.

Hatua ya pili: kusoma sheria ya nchi

Sheria za Tanzania hupatikana katika maktaba ya mtandaoni ya TanzLII pasipo malipo. Tazama kwanza toleo na marekebisho yake, kisha soma kifungu chenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu mwingine. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Wakimbizi kinaeleza nani ni mkimbizi. Kifungu cha 9 kinamtaka mwombaji hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, mbele ya afisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Kumbuka pia kwamba sheria hubadilika kwa kuvuka mpaka: upande wa Nakonde hutumika Sheria ya Wakimbizi ya Zambia ya mwaka 2017.

Hatua ya tatu: kusoma mikataba

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, katika kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake umo hatarini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unawatambua pia waliokimbia uvamizi na machafuko makubwa, na unakataza kumfukuza mtu wa namna hiyo hata akiwa bado mlangoni mwa mpaka. Mikataba hii husaidia kuifahamu sheria ya nchi.

Hatua ya nne: kuhakiki upya wa taarifa

Utambuzi wa makundi ya wakimbizi hubadilika kwa uamuzi wa Serikali. Januari 2017 Tanzania ilisitisha kuwatambua waombaji kutoka Burundi kwa pamoja, na kila mmoja akatakiwa kuchunguzwa peke yake. Aliyesoma kijitabu cha mwaka 2016 angewashauri vibaya. Kwa hiyo uliza Idara ya Huduma kwa Wakimbizi katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, au Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

Kurudi kwa mgonjwa wetu

Siku saba zitakwisha akiwa kitandani. Mtoa huduma hana mamlaka ya kuamua kama kijana huyu ni mkimbizi, wala si kazi yake. Kazi yake ni kutibu, kumweleza mgonjwa kuwa muda unahesabiwa, na kwa ridhaa yake kumwita afisa ustawi wa jamii amsaidie kufikisha ombi mapema. Aandike kwa usahihi tarehe ya kupokelewa, hali aliyokuwa nayo na majeraha aliyoyaona. Cheti hicho hakiamui shauri, lakini kinaeleza sababu ya kuchelewa. Bila hicho maelezo ya mgonjwa hubaki maneno matupu. Siri ya mgonjwa ilindwe kama ya raia mwingine yeyote.

Nawe mgonjwa, iwapo umekimbia hatari, sema hivyo mapema na kwa ukweli, uombe mkalimani ikiwa lugha inakushinda, na utunze nakala ya kila karatasi unayopewa.

Maswali ya kujipima

1. Ni maswali gani ya historia yanayotenganisha mwombaji hifadhi na mtu aliyesafirishwa kiharamu?
2. Kwa nini kijitabu cha zamani chaweza kumdhuru mgonjwa?
3. Katika kituo chako, nani ataitwa mgonjwa akisema hawezi kurudi kwao, na je, wenzako wa zamu ya usiku wanamjua?