Nguvu ya Seva ni Nguvu Gani? Tatizo la Istilahi katika Kulinganisha Vichakataji

Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za teknolojia umeendeshwa na wapenzi wa Kiswahili kwa miaka mingi, na mara nyingi umejifunga katika suala la majina: je, tuseme tarakilishi, kompyuta au ngamizi? Makala haya yanaelekea kwingine. Yanashikilia kwamba upungufu wetu mkubwa umo katika maneno ya kupimia vifaa. Mtu anaweza kuzitaja sehemu zote za seva kwa Kiswahili sanifu na bado ashindwe kueleza kwa nini hii ni bora kuliko ile.

Tatizo hili lilinikabili katika saiba moja mtaani Umoja, Eastlands. Mwenye saiba, mama wa makamo, alikuwa ameletewa seva mbili zilizokwisha kutumika ng'ambo, achague moja ya kuhifadhia faili za wateja. Muuzaji aliisifu mojawapo kwa maneno matatu: "Hii ina nguvu." Yule mama akanigeukia, kwa kuwa anajua ninasomea lugha, akauliza: "Mwalimu, nguvu hiyo ni ya kunimalizia kazi ama ni ya kunilia stima?" Kwa mtu anayenunua tokeni za umeme kwa faida ya kuchapisha na kutoa nakala, hilo ni swali la riziki. Nami sikuwa na jibu.

Neno moja, maana tatu

Muuzaji hakudanganya. Lugha ilimruhusu kusema alichosema. Katika matumizi ya kawaida, neno nguvu hubeba angalau dhana tatu ambazo mhandisi huzitenganisha. Kwanza, wingi wa kazi ambayo seva huimaliza kwa muda fulani. Hapa tunalo neno utendaji. Pili, kasi ambayo umeme hutumiwa nayo, inayopimwa kwa wati. Hii ndiyo nguvu ya umeme. Tatu, jumla ya umeme uliotumika kwa muda wote, inayopimwa kwa kilowati-saa. Hii ni nishati, na ndiyo inayolipiwa. Wakazi wa Eastlands wanazitofautisha vyema dhana hizi kwa vitenzi. Husema mashine "inakimbia", au "inakula stima", na hakuna anayechanganya kukimbia na kula. (Stima yenyewe, tukumbuke, awali ilikuwa jina la meli ya mvuke.) Mkanganyiko huanza pale tunapoacha vitenzi na kushika nomino moja.

Ushindani wa vichakataji vya seva unatupa ushahidi mzuri. Aprili 2003, kampuni ya AMD ilitoa Opteron, kichakataji kilichokuwa na kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya chipu yenyewe. Mpinzani wake, Xeon ya Intel, ilitegemea kidhibiti kilichokaa katika chipu nyingine pembeni. Kwa hivyo aliyelinganisha wati za vichakataji viwili hivyo pekee alikuwa akilinganisha mzigo wa punda mmoja na nusu ya mzigo wa mwingine.

Mwaka wa 2006 ulileta funzo jingine. Intel ilitoa Xeon 5080 yenye mwendo wa gigahezi 3.73 na kiwango cha wati 130, kisha katika mwaka uo huo ikatoa Xeon 5160 yenye gigahezi 3.0 na wati 80. Ile ya pili, licha ya mwendo wake mdogo, ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kuwa iliundwa upya kutoka ndani. Je, ipi ilikuwa "na nguvu"? Aidha, seva za Xeon za wakati huo zilitumia kumbukumbu ya aina ya FB-DIMM, ambayo yenyewe ilikuwa na ulafi wa umeme, hivyo sehemu ya akiba iliyopatikana katika kichakataji ikapotelea kwingine. Ikumbukwe pia kwamba wati zinazoandikwa katika karatasi ya sifa hueleza joto ambalo vipozi vinatakiwa kuliondoa. Mita ya nyumbani haisomi karatasi hiyo.

Mambo hayajawa mepesi tangu hapo. Mwaka wa 2019, EPYC 7742 ya AMD ilikuwa na viini 64 kwa wati 225, nayo Xeon Platinum 8280 ya Intel viini 28 kwa wati 205. Kwa kila kiini, hizo ni takribani wati 3.5 dhidi ya 7.3. Hata hivyo, kiini si kipimo cha kazi, kama vile idadi ya wapishi isivyo kipimo cha chakula.

Mfano wa hesabu

Tuchukue tarakimu za kubuni. Seva A hutumia wati 300 ikiwa kazini, na humaliza kazi ya siku kwa saa 2. Seva B hutumia wati 400, na huimaliza kwa saa 1. Kwa kazi hiyo, A imetumia wati-saa 600 na B 400. B yenye "kula" zaidi ndiyo iliyotumia nishati kidogo! Lakini seva ya saiba huachwa ikiwa imewaka usiku kucha. Tuseme A ikingoja bila kazi hutumia wati 120, na B wati 250. Kwa saa 24, A itafikisha wati-saa 3,240, nayo B 6,150. Hukumu imepinduka. Ndiyo maana kipimo cha SPECpower_ssj2008, kilichotolewa Desemba 2007, huipima seva kwa viwango vya kazi vinavyoshuka kutoka asilimia 100 hadi kungoja kabisa, kisha hugawanya jumla ya kazi kwa jumla ya wati.

Pendekezo

Uwiano huo wa kazi kwa kila wati tuuite nini? Wengi huuita ufanisi. Naona ugumu, kwani nchini Kenya ufanisi ni mafanikio. Watahiniwa hutakiwa ufanisi kila mwaka, wala hakuna anayewatakia wati chache. Napendekeza tija ya umeme, kwa kuwa tija tayari hutumika kueleza mavuno ikilinganishwa na kilichotumika. Kwa umeme unaoliwa bila kazi, wati za kungoja zinatosha.

Kuhusu yule mama, tuliazima kwa fundi mmoja mita ndogo ya kuchomeka ukutani, tukaziacha seva zote mbili zingoje usiku mmoja mmoja. Asubuhi ya pili alisoma tarakimu mwenyewe, akamrudishia muuzaji ile yenye nguvu.