Kucheza bila karatasi mukononi
(Fundisho kwa wa kikundi cha teatri na wa kikundi cha ngoma)



Katika Kiswahili chetu tunasema kucheza ngoma, kucheza teatri, kucheza mpira. Neno ni moja tu. Wafaransa wako na maneno mbalimbali kwa kazi hizo, siye tuko na moja, na minaona neno letu liko na akili. Mcheza mpira hapewi karatasi ya kusoma mbele ya mechi. Anajua goli liko wapi, anajua sheria, anajua wenzake, na kisha hapo mpira unamufikia namna unavyotaka wenyewe. Ile njo improvizasio. Si kazi ya yule mvivu aliyekosa kujifunza sehemu yake, kama wengi wanavyosema hapa shuleni.

Tuanze karibu, Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilijulikana sana mjini kwa redio na kwa televisheni, na lilicheza kwa Kiswahili cha mji, kile cha soko na cha nyumbani. Hawakufuata kitabu cha maneno. Mwaka 1986, wakati jimbo lilikuwa bado linaitwa Shaba, mtaalamu mmoja wa desturi za watu, Johannes Fabian, alifuatana nao na kukamata sauti zao tangu mazungumzo ya kwanza mpaka mchezo wenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990. Habari ya mchezo ilikuwa juu ya chifu na mamlaka, kwa ule msemo kwamba mamlaka inakuliwa nzima, haigawanywi. Walifanya namna gani? Kwanza walikaa wakazungumza: msemo huu maana yake nini? Kila mtu akaleta mawazo yake, na mawazo hayakupatana. Kisha wakakata habari kwa vipande: nani anaingia, anataka nini, anatoka na nini. Kisha repetisio. Maneno yalibadilika kutoka repetisio moja mpaka ingine, lakini mifupa ya kipande ilibaki.

Angalieni vizuri: kazi kubwa ilifanyika mbele ya kufungua kinywa. Yule anayeingia bila kujua anataka nini, huyo hafanyi improvizasio, anapiga kelele tu.

Jambo la pili ni kukubali. Mwingereza Keith Johnstone, aliyeandika kitabu juu ya kazi hii mwaka 1979, anaonyesha kwamba mchezaji mwenye woga anafunga mlango kila mara mwenzake anapoufungua. Mfano wangu ni huu. Mmoja anaingia mbio: «Baba, kuku wetu wote wamekufa!» Mwenzake anajibu: «Hatuna kuku siye.» Watu wanacheka, ndiyo, lakini mchezo umekufa pamoja na kuku. Sasa ajibu vingine, aketi polepole na aseme: «Hata ule wa karo ya shule?» Hapo tuko na baba, tuko na mtoto, tuko na deni, na kila mtu ndani ya sale anataka kujua kesho itakuwa namna gani. Hakuna aliyeandika kitu.

Lakini mimi ninataka kukaa zaidi juu ya mwili, kwa sababu pale njo tuko wazaifu. Angalieni michezo yetu ya kufunga mwaka. Yule mwenye kusema anasema vizuri; wale askari wawili nyuma yake wanakuna kichwa, wanatafuta mama yao kati ya watu. Hawako pale. Na wa ngoma vilevile: miguu inafuata ngoma sawasawa, lakini macho yanaangalia chini, kama vile wamepoteza franga. Kuwapo si kusema. Kuwapo ni mtu mzima awe mahali mwili wake uko.

Mfaransa Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, aliwavika wanafunzi maski isiyocheka wala kulia. Uso ukifichwa hivi, uongo wa mwili unaonekana mara moja. Zoezi lake moja ni hili: rafiki yako ameondoka kwa merkebu, unafika bandarini, unamuaga mara ya mwisho. Siye tutaweka kamio ya Kolwezi pahali pa merkebu, na maski tutaikata kwa karatoni. Inua mukono. Wale wanaotazama waseme: kamio iko wapi? Ikiwa wanaiona mbali, kule barabarani inapoanza kupotea ndani ya vumbi, umefanya vizuri. Ikiwa macho yako yamegonga ukuta wa sale, rudilia.

Zoezi la kioo linatoka kwa Viola Spolin wa Chicago, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 kinatumiwa hata leo. Wawili wanasimama uso kwa uso. Mmoja anaenda polepole, mwingine ni kioo chake. Kisha wanabadilisha. Kisha, na hapa njo kuna utamu, hakuna mkubwa tena: kila mmoja anafuata mwenzake. Mwanzoni mutacheka, ni kawaida. Kicheko kikiisha mutashangaa kuona mikono inaenda na hakuna anayejua nani ameanza. Wa ngoma wafanye hili mbele ya wote, kwa sababu wamezoea kufuata ngoma, hawajazoea kufuata mtu.

Kuko na lingine la kubeba uzito. Mchezaji wa Marekani Steve Paxton alilianzisha mwaka 1972: wachezaji wanaegemeana, wanaviringana, wanabebana, bila hatua zilizopangwa. Kwetu tutafanya mgongo kwa mgongo tu, wavulana na wavulana, wasichana na wasichana, ili wazazi wasituandikie barua. Mwegemee mwenzako mpaka ungeanguka kama angetoka. Hapo mutajua kusikiliza bila masikio.

Mutaniuliza: faida gani, na egzamini ziko karibu? Nitasema wazi. Kila mwaka sehemu kubwa zinapewa wale wale wenye Kifaransa kizuri na kichwa cha kushika mistari. Wadogo waliofika mwaka huu kutoka vijijini wanapewa mikuki ya miti na kuambiwa wanyamaze. Lakini kati yao kuko wanaojua kusimama mbele ya watu kuliko siye wa mwaka wa mwisho. Waangalieni wakisimulia hadithi usiku katika dortuari, taa zikiisha kuzimwa (ninajua ni nani, ni mimi ninapita kuwanyamazisha). Kwa mchezo wa mwaka huu nimeomba tuwe na kipande kimoja kwa Kiswahili, kwa namna ya Mufwankolo. Mwalimu wetu amekubali kwa sharti moja: mifupa ya kipande iandikwe kwa ukurasa mmoja na aione mbele ya repetisio ya kwanza.

Basi, Ijumaa kisha masomo, ndani ya refektwari. Mabenchi yatoke yote, na viatu vibaki mlangoni. Tutaanza kwa kutembea tu, dakika kumi, kila mtu njia yake, bila kuacha pembe moja wazi na bila kugongana. Kisha wote tusimame mara moja bila mtu kutoa alama. Kila mmoja alete habari moja fupi aliyoiona kwa macho yake sokoni ao njiani, isiyopita watu watatu.