Watoto 36, Mpira Mmoja

Swali: Mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi wilayani Newala, ambaye ni mwenyeji wa Masasi, anaeleza kwamba anafundisha mpira wa wavu kwa watoto 36 wa umri wa miaka 9 hadi 11, naye ana wavu mmoja na mpira mmoja wa ngozi. Mashindano ya kata yanakaribia, na wenzake wamemshauri achague watoto sita warefu awafunze hao tu, wengine wawe waokota mpira. Mvulana mmoja mfupi, ambaye kwa maelezo ya mwalimu ana mikono mizuri kuliko wote, ameacha kuja mazoezini, na mama yake amefika shuleni kulalamika kwamba mwanawe alikuwa akirudi nyumbani na mikono imemwiva, kisha hata timu hakuingizwa. Mwalimu anauliza kama amewakosea watoto hawa, na afanye nini.

Jibu: Ushauri aliopewa mwalimu huyu umetolewa kwa nia njema, lakini ni ushauri mbaya. Inaeleweka kwa nini umetolewa: mashindano ya kata ni ngazi ya chini ya UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, ambayo hupanda hadi wilaya, mkoa na taifa, na mwaka 2021 fainali zake za taifa zilichezwa Mtwara, ndani ya mkoa huuhuu, kwa hiyo kila mwalimu mkuu wa Masasi na Newala anajua kwamba njia hiyo ipo na inapitika. Hata hivyo, urefu wa mtoto wa miaka 10 hausemi mengi kuhusu urefu atakaokuwa nao akikua, kwa sababu wasichana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 12 na wavulana karibu na miaka 14, na wapo wanaotangulia kisha wakasimama, kama walivyopo wanaochelewa kisha wakawapita wenzao wote. Anayechagua kwa kimo katika umri huo anachagua waliowahi kukua, na hapohapo anawafukuza wengine kabla hawajajulikana.

Mchezo wenyewe ulianza kwa kupimwa kulingana na wachezaji wake. William Morgan, aliyeubuni mwaka 1895 katika mji wa Holyoke nchini Marekani, aliwakusudia watu wazima waliotaka mchezo usio na purukushani za mpira wa kikapu, na aliuweka wavu kwenye futi 6 na inchi 6, karibu mita 2, juu kidogo ya kichwa cha mwanamume wa kawaida. Leo wavu wa wanaume una kimo cha mita 2.43 na wa wanawake mita 2.24, na kumsimamisha mtoto wa darasa la nne chini ya wavu huo ni kumvika kanzu ya baba yake na kumtaka akimbie. Ndiyo maana makocha wa watoto hutumia mchezo mdogo wa wavu, ambao una wachezaji watatu au wanne kila upande, uwanja uliopunguzwa, wavu ulioshushwa chini ya mita 2 na mpira mwepesi.

Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Mwalimu akichomeka nguzo katikati ya pande mbili fupi na kufunga kamba moja ya katani kwa urefu wote wa uwanja, badala ya kuukata kwa upana, atapata viwanja vinne vyenye upana wa mita 4.5 na urefu wa mita 9, ambamo watoto 24 watacheza kwa wakati mmoja, watatu kwa watatu, na 12 waliobaki wataingia kwa zamu kila baada ya dakika chache. Mipira laini ya plastiki inayouzwa madukani inatosha kwa viwanja vitatu. Wanaoanza waruhusiwe kudaka na kurusha juu ya kamba, kisha wadake mguso wa pili tu, na mwishowe wasidake kabisa. Sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, ipigwe kwa mkono kutoka chini. Katika mpangilio wa sita kwa sita mtoto anaweza kumaliza jioni nzima akiwa ameugusa mpira mara chache mno, na kusimama uwanjani peke yake hakumfundishi kitu.

Kuhusu mikono, mama ana haki ya kusikilizwa. Wekundu wa vigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, hutokana na mpira mzito wa gramu 260 hadi 280 kupokewa karibu mno na kifundo cha mkono, na hupungua mpira ukiwa mwepesi na mtoto akikunja magoti badala ya kurusha mikono. Kidole kilichovimba ni jambo jingine: mtoto apumzishwe, awekewe kitambaa cha maji baridi, na asipopata nafuu apelekwe kituo cha afya. Maumivu chini ya kilegesambwa, pale kano ya msuli wa paja inapojishika kwenye mfupa ambao bado unakua, ni dalili ya kuruka kupita kiasi, na dawa yake ni kupumzika. Maji nayo yapangwe mapema, kwani juu ya uwanda wa Makonde, ilipo Newala, yamekuwa ya taabu tangu zamani, na mtoto asiyekuja na chupa yake hatakiri kuwa ana kiu.

Timu ya kata ichaguliwe majuma ya mwisho, na siku moja tu kwa juma itengwe kwa uwanja mkubwa. Mvulana aliyeondoka afuatwe nyumbani na mwalimu mwenyewe, si kwa kutuma mwanafunzi. Mama yake aelezwe kwamba mpangaji, yule anayemwinulia mpigaji mpira, huhitaji mikono kabla ya kimo, na kwamba tangu mwaka 1998 sheria za kimataifa zinamtambua libero, mlinzi wa nyuma asiyeruhusiwa kushambulia juu ya wavu, nafasi ambayo mara nyingi hushikwa na wafupi. Asiahidiwe jezi, aahidiwe kwamba mwanawe atacheza kila siku ya mazoezi, na ahadi hiyo itimizwe kuanzia jioni ya kwanza atakayorudi.